Jina Lina Mwenyewe

Lenzi ilipasuka mkononi mwa fundi miwani bila hata kudondoka. Alikuwa ameishika kwa vidole viwili akiifuta, akimsubiri mgeni aamue, na mgeni alipoamua na kulitamka jina alilolitaka, vidole vile vilikaza vyenyewe mpaka kioo kikalia kak! Tone la damu likachungulia kwenye dole gumba. Fundi hakuliona.

"Zelivaromi," mgeni akarudia, akidhani hakusikika vizuri. "Nataka elfi wangu aitwe Zelivaromi."

 Hata mashine ya fundi ya kusagia lenzi ingefumbua mdomo ikamwamkia, asingeshtuka kiasi kile.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Kila Jumamosi duka la miwani lilifungwa saa saba mchana, vumbi la kioo likafutwa kwenye meza kubwa ya chumba cha nyuma, dadu za pande ishirini zikamwagwa, na watu wazima wenye akili zao timamu wakageuka wachawi, majambazi na mashujaa mpaka jua lishuke. Kamusi, mwalimu mstaafu aliyebandikwa jina hilo kwa kuwa hakuna kosa la mtu lililopita salama mbele yake, alikuwa msimulizi. Yeye ndiye aliyeeleza mapango na majoka, wenzake wakaamua wahusika wao wafanye nini, na dadu ikasema kama wamefaulu au wameumbuka. Muuguzi, mwanamke mwenye kicheko kilichosikika mpaka barabarani, aliigiza jambazi mwenye huruma. Huyo ndiye aliyemleta mgeni. Mgeni mwenyewe alikuwa mpima ardhi, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, aliyehamishiwa mji huu miezi miwili nyuma na hakuwa na ndugu wala rafiki wa kumgongea mlango.

Majina yalikuwa himaya ya fundi, na ya elfi hasa. Elfi, kwa asiyewajua, ni wale watu wa msituni wa kwenye hadithi, wembamba, wenye masikio yaliyochongoka, wanaoishi miaka mia saba bila kuota mvi hata moja. Huwezi kumpa kiumbe wa namna hiyo jina la kuokoteza. Fundi alishikilia kwamba jina la elfi lisigongane na meno, liteleze, tena lisiwe refu mpaka mwenzako anamezwa na joka kabla hujamaliza kumwita. Aliyajaribu majina akiwa kazini, akiyanong'ona huku maji yakitiririka juu ya lenzi na jiwe likizunguka, na jina lililokataa kwenda na mzunguko ule alilitupa. Wachezaji wa mitaa mingine walimpigia simu kumwomba. Jamaa mmoja aliwahi kumletea jina alilolibuni mwenyewe, fundi akamwuliza kwa upole kama linanywewa kabla ya chakula au baada ya chakula. Kwa miaka tisa alikuwa ameandika daftarini majina ya elfi zaidi ya mia mbili, kila moja na mwenyewe.

Jina moja tu hakuliandika wala kumpa mtu.

Alilipokea utotoni kutoka kwa baba yake. Baba alikuwa mkaguzi wa mizani, mtu wa kuzunguka mji hadi mji na sanduku la mawe ya shaba, akihakikisha kilo ya mwenye duka ni kilo kweli. Wiki mbili alikuwa nyumbani, wiki mbili njiani. Wiki za nyumbani, kabla ya kumfunika shuka, alimsimulia habari za Zelivaromi, mwanamke mdogo wa msituni mwenye masikio yaliyochongoka, ambaye kazi yake ilikuwa kupima usingizi wa watoto kwa mizani. Usingizi ukiwa pungufu, aliuongezea punje mbili tatu. "Nimelibuni kwa ajili yako," baba alimwambia. "Duniani hakuna mwingine anayelijua." Na yeye aliamini, akalitunza jina lile kwa wivu. Hata marehemu mama yake hakuwahi kulisikia.

Sasa lilikuwa limetoka kwenye kinywa cha mtu aliyemjua kwa dakika arobaini.

"Hapana," alisema. "Hilo haliwezekani."

"Kwa nini?" Kamusi akauliza. "Linateleza. Silabi tano, sawa, lakini linateleza."

"Lina mwenyewe."

Kamusi akalivuta daftari, akalamba kidole, akapekua kurasa mbele na nyuma. Alipenda kupekua. "Halimo," akatangaza. "Tunaye Zelanui, alikufa mwaka juzi kwa uzembe wa Muuguzi..."

"Uzembe wangu?" Muuguzi akaruka. "Mwalimu, mimi nilisema tusifungue lile sanduku!"

"...na hakuna mwingine. Kwa kanuni zako mwenyewe, Fundi, jina ambalo halimo daftarini halina mwenyewe."

"Nimesema lina mwenyewe!"

Sauti ile iliwanyamazisha wote. Fundi hakuwahi kufoka mezani pale, hata siku elfi aliyemwigiza kwa miaka sita aliposukumwa shimoni kwa mzaha. Mpima ardhi aliweka chini penseli yake taratibu, kama mtu aliyekanyaga mahali asipopaswa na hajui mpaka uko wapi.

"Umelitoa wapi?" fundi akamwuliza. Hasira ilimjia kwa kuwa ilikuwa rahisi kuibeba kuliko hofu. "Nani amekupa?"

"Samahani, dada. Sikujua kuna ubaya." Mgeni alitazama huku na huku. "Nilipewa na baba yangu. Kusema kweli, ndicho kitu pekee nilichobaki nacho cha kwake, hicho na shati moja. Alikuwa akinisimulia nikiwa mdogo. Kulikuwa na huyo Zelivaromi, hatukumwita elfi wakati ule, tulimwita tu mtu wa msituni. Sikio lake la kushoto lilikuwa refu kuliko la kulia, kwa sababu..."

Kwa sababu alisikiliza kwenye milango mingi mno. Midomo ya fundi ilikuwa ikicheza bila sauti, neno kwa neno, na mgeni akaimaliza sentensi vilevile, hakuongeza wala kupunguza.

"...na alikuwa anapima usingizi," mpima ardhi akaendelea, akitabasamu sasa, kwa kuwa ni vigumu kuyasimulia mambo hayo bila kutabasamu. "Anakuja na mizani yake midogo. Ila kila mara mwishoni alilazimika kuaga. Alikuwa anasema kuna mtoto mwingine, mji mwingine, ambaye usingizi wake ni mwepesi kuliko wangu, lazima aende. Nilimwonea wivu huyo mtoto! Nilikuwa namchukia, nakwambia, na hata hayupo."

Muuguzi akacheka. Kamusi naye akacheka. Fundi akashika ukingo wa meza.

Yeye pia alikuwa amemchukia mtoto huyo. Hadithi aliyosimuliwa yeye iliishia palepale: mtoto mwingine, mji mwingine. Kila mwezi baba alipofunga sanduku lake la mawe ya shaba, Zelivaromi naye aliondoka, na kila mwezi yeye, msichana mdogo, alibaki akimlaani mwenzake asiyemjua kwa kuwa na usingizi mbovu. Ilionekana ni hadithi. Kumbe mzee alikuwa akisema ukweli mtupu, nyumba hii na nyumba ile, na watoto wote wawili wakamwitikia kwa kusinzia.

"Baba yako alikuwa akifanya kazi gani?" Aliuliza ingawa jibu alikuwa nalo. Alitaka tu litokee jibu jingine.

"Mkaguzi wa mizani. Ndiyo maana hadithi yenyewe ilikuwa ya mizani, si unajua wazazi. Alikuwa wa kusafiri. Tulikuwa tunampata wiki mbili kila mwezi."

"Na sasa yuko wapi?"

"Alifariki," mpima ardhi akasema. "Nilikuwa na miaka tisa. Gari lilipinduka huko safarini, wakamzika hukohuko. Ofisi yao ilituletea barua. Mama alikunja shati lake moja akalitia kabatini, na hakuna aliyeruhusiwa kulifua. Kaburi hatujaliona mpaka leo."

Fundi alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake, na safari hii aliiona damu kwenye dole gumba, akaishangaa kana kwamba ni ya mtu mwingine. Miaka tisa. Yeye alikuwa na kumi na moja. Mwaka ule ndio baba alioacha kusafiri, akapewa meza na kiti ofisini, na mama akafurahi mpaka akawaalika majirani. Mwaka huohuo hadithi za Zelivaromi zilikoma.

"Nipeni dakika chache," alisema. "Naenda nyumbani mara moja."

"Fundi, huo mkono..." Muuguzi alianza, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa.

Nyumbani palikuwa mtaa wa pili tu. Aliupita mtaa ule kila siku ya maisha yake na leo hakuona chochote, si duka la vitambaa wala watu waliomsalimu.  Alichokuwa akikiwaza kilikuwa kidogo na cha ajabu, nacho ni kwamba asubuhi ile alikuwa amemkata baba yake kucha za miguu. Alikuwa amepiga magoti mbele yake, akamshika kisigino, wakaongea habari za bomba linalovuja. Marehemu wa watu alikuwa ameketi pale, akilalamika kwamba mkasi ni butu.

Alimkuta sebuleni, kwenye kiti chake karibu na dirisha, akitengeneza redio ambayo haikuwa na ubovu wowote. Alikuwa na miaka sabini na sita na mikono ambayo haikutetemeka hata kidogo. Alisifiwa na daktari kwa mikono ile.

"Umewahi," baba akasema bila kuinua kichwa. "Joka limewashinda?"

"Zelivaromi," alisema fundi.

Bisibisi ikasimama. Kisha mzee akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeletewa kitu alichodhani kimepotea. "Ala! Umemkumbuka leo? Miaka mingapi, mama."

"Sikumkumbuka. Nimemsikia."

"Kwa nani?"

"Kwa yule mwenye usingizi mwepesi kuliko wangu."

Lile tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni likiwa halina kazi, na macho yaliyokuwa juu yake yakazeeka. Fundi alikuwa amekuja na tumaini moja. Njia nzima alijiambia kwamba baba atakunja uso na kuuliza "Nani huyo?", na kwamba patakuwepo mkaguzi mwingine wa mizani, rafiki wa kazini aliyeiazima hadithi. Mzee hakuuliza nani huyo.

"Atatimiza arobaini mwezi wa kumi na moja," akasema, kwa sauti ya chini. "Tarehe nne."

"Baba."

"Yuko hapa? Mjini hapa?"

"Baba, huyo mtu anajua umekufa!"

"Najua."

"Unajua? Unajuaje?"

Mzee alijifuta mdomo kwa kiganja. Redio ilikuwa imefunguliwa tumbo mapajani mwake, na alianza kuirudishia skrubu moja moja, polepole, kwa sababu mikono yake ilihitaji kushughulishwa. "Ile barua niliiandika mimi," akasema. "Kwa karatasi ya ofisi. Nikatia saini ya mtu mwingine na muhuri."

Fundi alikaa sakafuni. Hakuamua kukaa, alijikuta tu yuko chini, mgongo kwenye ukuta. Alikuwa amesoma habari za watu walioghushi vyeti, hundi na hati za nyumba. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuketi mezani saa za kazi, akachovya kalamu, na kujiandikia ajali.

"Kwa nini?" ndilo neno pekee alilolipata.

"Nilidhani ni huruma. Mtoto humlia aliyekufa, akamaliza. Aliyemwacha hamalizi kumlia." Akakaza skrubu nyingine. "Na wewe uliniomba."

"Mimi?"

"Hukumbuki. Nilikuwa nafunga sanduku. Ukakaa juu ya kifuniko, ukasema mwambie Zelivaromi asiende tena kwa yule mtoto mwingine. Ukasema, amwache akose usingizi. Ulilia mpaka ukapata homa. Nikajiuliza nitaendelea mpaka lini kuwa nusu mtu huku na nusu kule. Nikaomba kazi ya ofisini wiki ileile."

Alikumbuka. Alikumbuka ubaridi wa kifuniko kile kwenye mapaja, na furaha iliyomjaa alipoambiwa baba hasafiri tena, na jinsi alivyolala siku ile fofofo, akiamini ameshinda. Miaka thelathini alikuwa ameihesabu ile kuwa siku njema kuliko zote za utoto wake.

"Nilikuwa na miaka kumi na moja, baba," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba. "Nilikuwa naongea habari za elfi."

 Skrubu moja ilimponyoka mzee, ikabingirika chini ya kabati, wala hakuifuata kwa macho. Fundi alimtazama kama anavyomtazama mteja aliyevaa miwani ya namba isiyo yake miaka nenda rudi, akazoea kuona ukungu. Alimpenda. Hilo ndilo lililomtia kichaa, kwamba alimpenda bado, pale pale, kucha zake na kila kitu, na alitamani kumpiga.

Na alijua vizuri mambo yanavyoweza kwenda. Angeweza kurudi dukani akasema samahani, kichwa kilikuwa kinaniuma, jina hilo haliwezekani, nitakupa jingine zuri zaidi. Mpima ardhi angekubali. Alikuwa mtu wa kukubali, ilionekana. Baada ya Jumamosi mbili tatu angepoa, labda asirudi tena, na baba angebaki wake peke yake. Hakuna ambaye angejua. Aliligeuza wazo hilo mara moja, mara mbili, akaona jinsi lilivyo laini na lisivyogongana na meno, na likamtisha.

"Anafananaje?" mzee akauliza.

"Ana paji lako la uso."

Mlango ukagongwa.

Wote wawili waliruka. Uligongwa kwa adabu, mara tatu, taratibu. "Hodi," sauti ikasema nje. "Ni mimi, dada, mpima ardhi. Muuguzi amenionyesha nyumba. Samahani kukufuata mpaka kwako, nimeona niombe radhi mwenyewe. Kama lile jina lina mwenyewe, mimi nitachukua jingine. Sikutaka kumnyang'anya mtu."

Fundi alimgeukia baba yake. Rangi ilikuwa imemwisha, na mikono ile iliyosifiwa na daktari sasa ilitetemeka kwelikweli, redio ikigongagonga kwenye goti. Hakuwa akiutazama mlango. Alikuwa akimtazama binti yake, kwa macho ya kuomba ambayo hakuwahi kuyaona kwake, hata siku walipomzika mama.

"Mwambie sipo," akanong'ona. "Mama, tafadhali. Mwambie sipo."

Alisimama.  Kutoka pale hadi mlangoni zilikuwa hatua tano, naye alizihesabu zote. Aliweka mkono kwenye komeo na kuusikia ubaridi wake, na upande wa pili wa ubao ule alimsikia mwenzake akihema, amepanda ngazi kwa haraka, akisubiri kusamehewa kosa ambalo halikuwa lake.

Akafungua.

"Karibu ndani, mdogo wangu," alisema. "Baba yupo."

"Ahsante, dada, sikai sana," mpima ardhi akajibu, akiinama kufungua kamba za viatu, uso wake bado una tabasamu la adabu ambalo mgeni huwawekea wazee wa watu.